"Hakuna" au "Hakikuonekana"? Tafakuri Kuhusu Nyuga za Faharasa na Tanzu za Fasihi

Aghalabu insha za jarida hili huanza kwa nadharia, kisha zikateremka kwenye matini. Mimi naomba radhi ya wasomaji nianze kwa kosa, na kosa lenyewe ni langu. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimwongoza aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake, inayohusu fasihi simulizi ya Kiswahili katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Katika sura hiyo alieleza kwamba alikuwa amepekua faharasa ya kompyuta ya hifadhi ya idara yetu, na kwamba hakuna hata matini moja ya Kiswahili iliyowahi kukusanywa Moiben. Juu ya kutokuwepo huko akajenga hoja kwamba Kiswahili cha mashambani humo kilikuwa lugha ya amri na ujira tu, wala hakikupata kuwa lugha ya sanaa. Hoja ilikuwa imepangwa vyema. Pembeni mwa ukurasa nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Vizuri."

Mimi ni mzaliwa wa Moiben. Mwezi wa Desemba nilikwenda nyumbani, nikamkuta shangazi yangu ameketi juu ya gunia akipukuchua mahindi ya mbegu kwa mkono, maana hayo hakutaka yapitishwe kwenye mashine. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na wimbo aliouimba ulikuwa wa Kiswahili. Nilisimama mlangoni mwa ghala kama mtu aliyemwagiwa maji. Wimbo ule niliujua. Mwaka 2003, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mimi mwenyewe, niliurekodi kwa kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, na kanda hiyo nikaikabidhi idara kwa mkono wangu. Ilipewa nambari 017. Kanda ilikuwepo kabatini, na maelezo yake yalikuwemo ndani ya faharasa. Hata hivyo mwanafunzi aliuliza akajibiwa kwamba hakuna, nami mwenye kanda nikatia sahihi.

Azma ya insha hii ni kueleza jinsi jambo kama hilo linavyowezekana, na kudai kwamba uamuzi tunaouona kuwa wa mafundi wa kompyuta, yaani uamuzi wa kuchagua aina za nyuga, ni uamuzi wa kihakiki unaofanywa kabla matini haijasomwa na mtu yeyote.

Nianze na mambo ya msingi. Faharasa ya kompyuta hauhifadhi waraka kama kabati linavyohifadhi kitabu. Huugawa waraka katika nyuga: jina la kazi, mtunzi, lugha, utanzu, mahali, tarehe, maelezo. Kila uga hupewa aina yake, na aina hiyo ndiyo inayoamua ni swali gani uga utakubali kuulizwa. Programu tuliyoitumia imejengwa juu ya Lucene, ambayo Doug Cutting aliianzisha mwaka 1999, na ambayo leo imo ndani ya mitambo mingi ya kutafutia duniani. Humo kuna aina mbili ambazo mgeni hudhani ni kitu kimoja. Ya kwanza ni uga wa matini: maandishi yanayotiwa humo hukatwakatwa neno kwa neno, na kila neno likaorodheshwa peke yake. Ya pili ni uga wa lebo: maandishi huchukuliwa mazima kama yalivyo, pamoja na mikato na nafasi zake, na hupatikana tu na yule atakayeyataja vivyo hivyo. Zaidi ya hizo zipo nyuga za nambari na za tarehe. Hali kadhalika uga waweza kuruhusiwa kubeba thamani moja tu au nyingi, na waweza kuhifadhiwa ili usomwe bila ya kuorodheshwa ili utafutwe.

Sisi katika kamati ya idara, nami nikiwa mmojawapo, tulizichagua aina hizo katika robo saa, chai ikiwa mezani. Tuliona ni jambo la kiufundi. Hatukujua kwamba aina ya uga ikishachaguliwa na nyaraka zikishaingizwa, kuibadilisha kunalazimisha faharasa nzima ijengwe upya.

Tazama sasa kilichoifika kanda 017. Katika uga wa mahali niliandika mwaka 2003, kama ilivyopasa wakati huo, "Moiben, Wilaya ya Uasin Gishu, Mkoa wa Bonde la Ufa." Kamati iliufanya uga huo kuwa wa lebo. Mwanafunzi wangu, ambaye amekulia katika Kenya ya kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, aliandika "Moiben" peke yake. Kwa mtambo, lebo hizo mbili hazina uhusiano wowote. Uga ungekuwa wa matini, neno "Moiben" lingejitokeza miongoni mwa wenzake na kanda ingeonekana.

Uga wa lugha ulikubali thamani moja. Kogo alisimulia kwa Kikalenjin kisa cha fisi aliyekuwa nyapara wa shamba, akihesabu magunia ya wapukuchuaji na kila akihesabu akipata pungufu kwa moja, kwa sababu la moja alilila mwenyewe. Lakini kila fisi alipofungua kinywa alisema Kiswahili, kile cha amri kilichozungumzwa katika mashamba ya walowezi, na wanawake walipomjibu walimjibu kwa wimbo wa Kiswahili uliomwiga na kumkejeli. Nilipoulizwa lugha ya kanda, nilichagua iliyochukua dakika nyingi zaidi. Nikaandika Kikalenjin. Hivyo, ile sehemu ambapo Kiswahili kiliacha kuwa lugha ya amri kikageuzwa na watawaliwa kuwa silaha ya kicheko, yaani ushahidi hasa uliopinga hoja ya mwanafunzi wangu, ilifutwa na kisanduku kimoja.

Uga wa utanzu nao ulikubali thamani moja kutoka katika orodha iliyofungwa. Orodha yetu tuliitoa katika makala ya M. M. Mulokozi, "Tanzu za Fasihi Simulizi", yaliyotoka katika Mulika 21 mwaka 1989, ambayo hadi leo vijana wetu huyasoma kama alifu. Ni haki nimwondolee lawama mwenye makala. Mulokozi aliainisha kwa kuzingatia si umbile la kazi tu bali pia muktadha na namna ya uwasilishaji, na mhakiki anayetazama muktadha anajua kwamba wimbo huweza kukaa ndani ya ngano, na ngano ndani ya kazi ya mikono. Ni sisi tuliochukua mawazo hayo mapana tukayageuza kuwa orodha ya kuchagulia jibu moja. Kanda ya kogo haikukubali kuwa masimulizi peke yake wala ushairi peke yake. Basi nikaiweka katika "Nyinginezo", na "Nyinginezo" ni kaburi lisilo na jina juu yake.

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni la fasihi simulizi pekee. Uga wa utanzu wenye thamani moja utaifanya nini Nagona ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990, au Mzingile iliyoifuata mwaka 1991? Tukiziita riwaya, atakayetafuta tafakuri za kifalsafa hatazikuta. Tunayo pia mifano ya zamani. Mvutano wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, ambapo wengine waliziona kanuni alizozikusanya K. Amri Abedi mwaka 1954 kuwa uti wa mgongo wa ushairi na wengine wakaziona kuwa zimekuwa pingu, ulikuwa kwa hakika mvutano kuhusu ni kipi kiingie katika uga uitwao "shairi". Wakati ule watu walijibizana hadharani, kwa majina yao, na kila upande ulilazimika kutoa hoja. Hofu yangu ni kwamba leo mvutano huohuo huamuliwa kimya katika fomu, na anayeshindwa hajui hata kama kulikuwa na mashindano.

Mazoea haya ya thamani moja tuliyatoa wapi? Nadhani tuliyarithi kwa rafu. Kitabu ni kitu, na kitu hakiwezi kusimama mahali pawili. Kwa hiyo mkutubi halazimiki kuona haya anapokiwekea nambari moja. Katika mfumo aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, ambao bado hutumika katika maktaba nyingi, fasihi ya Kiingereza ina nafasi yote ya 820, ilhali fasihi yote ya Kiswahili, kuanzia tenzi za Pate hadi tamthilia za Nairobi, imebanwa katika 896.392. Hayo ni malalamiko mengine. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba faharasa ya kompyuta haina rafu. Kanda 017 yaweza kuwa chini ya masimulizi, ushairi na maigizo kwa wakati mmoja bila ya kuongezewa hata uzito wa unyoya. Ufinyu tuliouingiza ndani ya mtambo haukutoka kwenye mtambo; ulitoka katika kumbukumbu ya mbao.

Hata nambari zina hila. Sisi wa Uasin Gishu twapaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana mji wetu mkuu ulianza maisha yake kama nambari. Kabla ya kuitwa Eldoret mwaka 1912, mahali hapo palijulikana kwa nambari ya shamba, 64, na wenyeji wakaitamka "Sisibo". Wazee wa kwetu walikuwa wakisema wanakwenda Sisibo kuuza maziwa, wala hakuna aliyefikiri kujumlisha sitini na nne hiyo na kitu kingine. Nambari isiyojumlishwa wala kugawanywa ni jina lililovaa nguo za hesabu, na jina lastahili uga wa lebo. Sisi nambari za kanda tulizitia katika uga wa nambari. Mtambo, kwa uaminifu wake, ukaona kwamba sifuri ya mbele haina thamani, ukaiandika 017 kuwa 17. Kwenye jalada la kanda pameandikwa 017, na katika daftari la kabati 017. Nilipojaribu kuiita kanda yangu kwa lebo yake katika orodha iliyochapwa kutoka kwenye mtambo, sikuiona.

Tarehe nazo ni mtihani mkubwa zaidi. Muswada wa Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herkal, umetajwa kuwa wa mwaka 1141 wa Hijria, nasi tumezoea kuandika 1728. Lakini mwaka 1141 wa Hijria ulianza Agosti 1728 ukamalizika Julai 1729. Uga wa tarehe unaotaka mwaka mmoja wa Miladi unatulazimisha kudai uhakika ambao mnakili hakutupa. Kogo naye, nilipomuuliza wimbo aliujifunza lini, alijibu: "Mwaka wa nzige, mwanangu. Nilikuwa bado msichana wa kuchunga ndama." Nzige waliivamia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Uga wetu haukukubali nzige, ukataka tarakimu nne. Nikaandika 2003, mwaka wa kurekodi. Hivyo wimbo ulioimbwa na watoto wa maskwota chini ya nyapara wa mlowezi ukawa, kwa mujibu wa faharasa, wimbo wa enzi ya simu za mkononi.

Kuhusu mtunzi nitasema machache. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilitufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua aliyezikusanya na kuzifafanua, W. E. Taylor aliyezihifadhi, na William Hichens aliyezichapisha mwaka 1940. Uga wenye nafasi ya mtu mmoja, usiouliza mtu huyo alifanya nini, utamtaja Muyaka na kumsahau Sikujua, au, kama ilivyotokea mara nyingi katika mambo yetu, utamtaja Mzungu na kuwasahau wote wawili. Hata mpangilio wa jina ni uamuzi. Katalogi humgeuza Shaaban Robert kuwa "Robert, Shaaban", ilhali msomaji wa Kiswahili humtafuta kwa Shaaban. Na huku kwetu, ambako Kiprop ni aliyezaliwa wakati wa mvua na Kipkoech ni wa alfajiri, ukipanga watu kwa jina la kwanza la Kikalenjin wanaume watajazana katika herufi K, na faharasa yako itakuwa kama kanisa ambalo waumini wote wamekaa benchi moja.

Lugha yenyewe nayo ina dai lake. Uga wa matini hutegemea kichanganuzi, yaani kanuni zinazouambia mtambo ni maneno yapi ni ya ukoo mmoja. Kichanganuzi tulichokikuta kimewekwa kilikuwa cha Kiingereza, nacho hukata mikia ya maneno. Kiswahili hubadilisha vichwa: shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi. Mtafutaji wa "wimbo" hakupewa "nyimbo". Ilitubidi tuorodheshe koo hizo wenyewe, kazi ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa ujuzi wao wa ngeli, waliifanya vizuri kuliko fundi yeyote.

Nimeliweka mwisho jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2003, baada ya kuzima rekoda, nilimuuliza kogo kwa Kiswahili cha kisomi: "Kogo, hii tuiite nini? Ni hadithi au ni wimbo?" Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kama ng'ombe ni maziwa au ni nyama. Akasema: "Hiyo ni ya kupukuchulia mahindi." Niliyaandika maneno yake katika uga wa maelezo, kwa sababu hayakuwa na mahali pengine. Uga wa maelezo kamati iliuamua uhifadhiwe bila kuorodheshwa, ili kuokoa nafasi ya diski. Kwa hiyo uainishaji pekee uliotolewa na mwenye sanaa, wenye mantiki kamili, unaoainisha kwa kazi ambayo tungo hufanya katika maisha, uliwekwa mahali ambapo unaweza kusomwa na yule tu ambaye tayari ameshaipata kanda kwa njia nyingine.

Mwenzangu mmoja wa idara, niliyemsimulia haya, alinipinga, na upinzani wake una uzito. Alisema kwamba tukiacha kila uga uwe wa matini na kila utanzu upokee majina yoyote, faharasa itakuwa soko la Jumamosi: kila kitu kipo na hakuna kinachoonekana. Orodha iliyofungwa, alisema, ndiyo inayotuwezesha kuhesabu, kulinganisha, na kumwambia mwanafunzi kwamba tuna methali kiasi hiki na vitendawili kiasi kile. Ni kweli. Lebo kali ina kazi yake, na uhakiki usioainisha huishia kuwa sifa tupu. Lakini mtambo haukutulazimisha kuchagua. Thamani ileile yaweza kuingizwa mara mbili, mara moja kama lebo kwa ajili ya kuhesabu na mara ya pili kama matini kwa ajili ya kutafuta. Utanzu wa wasomi waweza kukaa katika uga mmoja na jina alilolitoa fanani katika uga wa pili, wote wawili wakitafutika. Tarehe yaweza kuwa na mwanzo na mwisho, na pembeni yake maneno "mwaka wa nzige" yakabaki kama yalivyosemwa. Gharama yake ni nafasi kidogo na jioni chache za kazi.

Jioni hizo tulizitoa. Katika likizo ndefu iliyofuata tuliibomoa faharasa na kuijenga upya, na nikaomba kanda za nyanda za juu niziingize mimi. Kabla ya hapo nilimwita mwanafunzi wangu ofisini, nikamwonyesha kanda, nikamwonyesha na "Vizuri" yangu nyekundu. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Mwalimu, na zile nyingine zilizo katika 'Nyinginezo', ni za nani?" Sikuwa na jibu. Tulikaa siku tatu tukizisikiliza. Sura ya pili aliiandika tena, na pale palipokuwa na neno "hakuna" sasa pana maneno "hakikuonekana katika faharasa ilivyokuwa". Sentensi imekuwa ndefu na haina mvuto wa ile ya kwanza, lakini ndiyo ya kweli.

Ninawasihi wenzangu wanaoongoza tasnifu wasikubali neno "hakuna" litokalo kwenye mtambo kabla ya kuuliza nyuga ziliundwaje na ni nani alikuwa mezani. Shangazi nilimweleza kwamba wimbo wake sasa unaweza kupatikana chuoni na mtu yeyote atakayeandika "kupukuchulia". Alicheka, akanisogezea gunia la pili, akasema kwamba aliyeujua wimbo huo hakuwahi kuutafuta, na kwamba kama nimekuja kuzungumza tu, mahindi hayatajipukuchua.